Mama Gloriose na Nyumba Zilizosema Tuko Sawa

Habari za jioni, wasikilizaji wapendwa, popote mnapotusikia, jikoni, garini, au mmejilaza na simu masikioni. Mimi ni Chepkoech, na hii ndiyo saa yetu ya kuwakumbuka waliotutangulia. Punguzeni moto wa sufuria kidogo. Leo nina habari nzito, na nitaisema taratibu.

Tunamkumbuka mama Gloriose Nahimana, Mrundi, mkazi wa Villawood hapa Sydney. Alifariki tarehe pili Septemba mwaka huu wa 2021, hospitalini, kwa korona. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Alizikwa na watu kumi tu, maana sheria ndiyo iliyosema kumi. Wiki hii milango imefunguliwa, watu wanakata nywele na kunywa kahawa nje, na mimi nimeona si haki tufurahi kabla hatujamtaja. Mama Gloriose Nahimana, wa Villawood.

Alizaliwa Makamba, kusini mwa Burundi. Vita vya mwaka 1993 vilimkuta na mume na ng'ombe wawili. Alivuka mpaka bila mume na bila ng'ombe. Akakaa miaka kumi na mitatu katika kambi moja wilayani Kibondo, mkoani Kigoma, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili chake, kile cha "hii watu" na "ile mambo", chenye "bon" ya Kifaransa katikati kama chumvi. Huko ndiko alikomzaa Keza, binti yake wa pekee. Na huko alipewa kazi ya kusimama kwenye dirisha la mgawo, kupima mahindi na maharage.

Kazi ile ilimfundisha jambo moja. Mkimbizi akiulizwa ana nini, anasema hana. Ukisema una kuku, unaogopa kikombe cha maharage kitapungua wiki ijayo. Basi kuku anafichwa chini ya kitanda, na mtoto anafunzwa kukohoa kuku akilia. Mama Gloriose alikuwa akisimulia hilo huku akicheka mpaka anashika ubavu.

Alifika Sydney mwaka 2007. Akasafisha ofisi, kisha akasomea kutunza wazee, akaajiriwa katika nyumba moja ya wazee upande wa Liverpool. Miaka kumi na mmoja aliwaogesha wazee wa watu. Keza aliniambia kwa Kiingereza, maana vijana wetu mnawajua, wanakielewa Kiswahili lakini ulimi hautaki. Alisema: "Mama alikuwa akirudi nyumbani ananukia sabuni ya watu wengine." Nimewatafsiria kama alivyosema.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Katikati ya mwaka 2020, kituo kimoja cha jamii kilitaka kujua nani ameumizwa na korona zaidi, Warundi au Wakenya. Walikuwa na masanduku ya chakula na pesa kidogo ya dharura, hayatoshi wote. Wakawaajiri watu wawili wapige simu na kubisha milango. Mmoja alikuwa mama Gloriose. Wa pili alikuwa kijana Mkenya aitwaye Kamande, mhasibu, mwenye tableti na fomu yenye maswali arobaini na mawili.

Kabla ya hapo, wasikilizaji, ungeuliza mtu yeyote kanisani nani ana hali nzuri, angekujibu Wakenya. Si ndio sisi? Nesi, mhasibu, gari jipya la mkopo, picha mbele ya Opera House. Na Warundi? Watu wa kambini, kazi za mikono, watoto saba. Hivyo ndivyo tulivyosemana, tusidanganyane.

Korona iliyapindua hayo, na wengi hawakuona. Warundi waliotoka kambini walikuja na ukaazi wa kudumu. Kazi zilipokufa, serikali iliwapa msaada, tena ukaongezwa. Mwanafunzi wa Kikenya mwenye viza ya masomo hakupata kitu. Aliambiwa kama hawezi kujitegemea, arudi kwao. Na ada ya chuo ilikuwa palepale.

Lakini fomu ya Kamande haikuonyesha hivyo hata kidogo. Fomu ilisema Warundi wanakufa njaa na Wakenya wanaogelea. Kila Mrundi alijibu kama yuko mbele ya dirisha la mgawo. Na kila Mkenya alijibu kama anaongea na mama mkwe.

Kwa Warundi mama Gloriose hakupata shida. Alikuwa anaijua michezo yao. Alifika kwa Juvénal, mtu wa kanisa lake mwenye kampuni ndogo ya usafi, Juvénal akasema hana kitu.

"Na ile gari nyeupe nje ni ya nani?" mama akamwuliza.

"Ya rafiki, mama Keza."

"Rafiki gani ameandika jina lako kwenye mlango wa gari? Juvénal, mimi nimepima maharage yako Kibondo. Usinichezee."

Wakacheka wote wawili, na Juvénal akaondolewa kwenye orodha, na hakununa. Lakini Wakenya je? Uongo wa kusema sina, mama Gloriose aliujua tangu zamani. Uongo wa kusema ninacho hakuwa ameuona maishani mwake. Alitoka mahali ambapo mtu mwenye njaa anapiga kelele. Kwa hiyo Wakenya waliposema "tuko sawa, mum, tuko fiti kabisa," aliwaamini. Akaandika sawa. Nyumba mia moja na kumi na mbili za Wakenya, na masanduku yaliyoenda kwao yalikuwa manne.

Kilichomshtua kilikuwa takataka. Kulikuwa na nyumba moja Granville, ya matofali, nyuma ya maduka ya vyuma, wanamokaa wanafunzi wanne wa Kikenya. Mama alikuwa akipita hapo kuelekea kituo cha treni. Siku ya kutoa mapipa, jirani pipa lake limefurika hadi kifuniko kinabaki wazi. Pipa la wale wanafunzi, kimya. Wiki ya tatu akalisukuma kwa goti. Likasogea kama halina kitu. Akafungua. Makapi ya chai, karatasi moja iliyofungia mchele, basi. Watu wanne, wiki nzima.

Alimpigia Kamande palepale barabarani.

"Kamande, mwanangu, hii watu wanaficha."

"Mama, fomu ya nyumba hiyo nimeijaza mimi mwenyewe. Wamesema mapato yanatosha."

"Bon. Walikula nini jana?"

"Hilo swali halimo kwenye fomu."

"Basi fomu yako haijui kitu."

Kamande alikasirika. Ameniambia mwenyewe alikasirika, na ameniruhusu niseme sababu. Yeye pia alikuwa amepunguziwa kazi hadi siku mbili kwa wiki, na katika mstari wa nyumba yake aliandika kuwa yuko vizuri. Angewezaje kurudi kuwauliza wenzake upya? Ripoti ikapelekwa ilivyo. Mwaka ukaisha. Masanduku yakaendelea kwenda kulekule.

Mama Gloriose hakuridhika. Akawa anakwenda mwenyewe, na sanduku lake. Mlango wa Granville alifungua binti aitwaye Mutanu, wa Makueni, anayesomea uuguzi.

"Tuko sawa, mum. Wapelekee wenye shida."

"Mchele tu, mwanangu. Umezidi kwangu nyumbani."

"Mungu akubariki. Lakini kweli tuko sawa."

Na mlango ukafungwa kwa adabu zote. Mutanu alikuwa akifua mashuka ya hoteli, hoteli zikafungwa. Akapata kazi ya kufungasha kuku, analipwa mkononi, saa nyingi kuliko viza yake inavyoruhusu. Na kila mwezi alikuwa akituma pesa nyumbani Makueni, hata mwezi waliokula uji asubuhi na uji jioni. Mama yake mzazi alikuwa akiwaambia majirani mwanangu anaishi Australia, hana neno.

Halafu ikaja Juni ya mwaka huu. Mnakumbuka. Tukafungiwa, na sisi wa magharibi mwa Sydney tukafungiwa zaidi. Helikopta juu ya mapaa. Polisi na wanajeshi wakibisha milango kuhakikisha wagonjwa wako ndani. Kwetu labda ni kero. Kwa mama Gloriose, mwanajeshi mlangoni alikuwa jambo jingine kabisa. Keza anasema siku ya kwanza walipopita mtaani kwao, mama alikwenda kukaa bafuni na kufunga mlango. Hakutoka mpaka walipokata kona.

Hata hivyo aliendelea kwenda Granville kila Alhamisi mchana, baada ya shifti. Sasa hata mlango haukufunguliwa. Mutanu alisema naye nyuma ya dirisha, pazia limeshushwa.

"Acha hapo barazani, mum. Tuko sawa."

Alikuwa amekubali sanduku. Mama alirudi nyumbani na hofu. Alimwambia Keza: "Leo amechukua chakula. Kuna kitu kibaya kimeingia ile nyumba." Keza akamwambia aache kuwaza. Alhamisi iliyofuata, alisikia kikohozi nyuma ya pazia, na si cha mtu mmoja. Akauliza wamepima? Mutanu akasema ni mafua. Ukweli, wasikilizaji, ni kwamba mahali pale pa kufungasha kuku palikuwa na korona tangu wiki iliyotangulia, na wao waliogopa kupima. Ukipima, unaulizwa unafanya kazi wapi. Ukitaja, unaogopa viza. Na walidhani hospitali itawatoza maelfu. Mgonjwa wa korona asiye na kadi ya Medicare, ile bima ya afya ya serikali, alikuwa akitibiwa bure katika hospitali za serikali. Hawakujua, na hawakuuliza, kwa sababu kuuliza ni kukiri.

Alhamisi ya kumi na tisa Agosti, saa nane mchana, sanduku la wiki iliyopita lilikuwa bado barazani. Ndizi zimekuwa nyeusi. Mama Gloriose akabisha. Kimya. Akaita Mutanu. Kimya. Akampigia Kamande, akamwambia: "Sanduku halijaguswa." Kamande akamwambia, "Mama, usiingie. Nakuja. Tafadhali usiingie."

Sheria ya kituo ilikuwa hiyo pia, usivuke kizingiti. Alipiga sifuri tatu, namba ya dharura ya huku. Mtu wa simu akamwuliza swali moja: mgonjwa anapumua? Utajibuje ukiwa barazani? Mama akasukuma mlango. Haukuwa umefungwa.

Mutanu alikuwa ameegemea ukuta, hawezi kusimama. Wengine wawili vitandani na homa. Wa nne, kijana aitwaye Ronnie, alikuwa sakafuni kifudifudi, midomo ya rangi ya majivu. Mama Gloriose alifanya aliyoyafanya miaka kumi na mmoja kwa wazee. Aliketi sakafuni, akamwinua, akamwegemeza kifuani pake ili apate pumzi, akawa anahesabu naye. Moja, pumua. Mbili, pumua. Siku zile magari ya wagonjwa yalikuwa yamezidiwa. Dakika hamsini na tano alikaa hivyo, kijana akimkoholea shingoni, naye ana barakoa moja tu ya karatasi. Kamande alifika akawaona kupitia mlango, akataka kuingia. Mama akamfokea: "Wewe baki huko! Mmoja anatosha!"

Mutanu anakumbuka maneno aliyomwambia wakati wanasubiri. Nimemwomba ayarudie, akayarudia akilia: "Nilimwambia, mum, samahani, sikutaka kukusumbua. Akaniambia, mwanangu, sasa umenisumbua zaidi."

Hakumwambia kwa ukali, anasema Mutanu. Alimwambia huku anamfuta jasho Ronnie.

Ronnie yuko hai. Mutanu yuko hai. Wote wanne wako hai. Mama Gloriose alianza kukohoa siku ya tano. Alikuwa amechanjwa mara moja, akisubiri ya pili. Aliingia hospitalini Ijumaa, akazungumza na Keza kwa simu ya nesi mara mbili, na tarehe pili Septemba akafariki. Keza alimwona kwenye kioo cha simu tu. Inauma, wasikilizaji. Inaniuma mimi, na sijui nifanye nini na hasira yangu, kwa sababu nikitafuta wa kumlaumu napata watu wenye heshima zao ambao hawakutaka kuomba.

Keza, mwanetu, pole sana. Pole kwa ukoo wote wa mama Gloriose, hapa Sydney, Makamba, na wale waliobaki Kigoma. Pole kwa kanisa lake, na kwa wazee wa Liverpool ambao wanamwulizia kila asubuhi na wanaambiwa yuko likizo. Mungu ampumzishe mahali pema. Mutanu, na wewe pole. Usijifungie tena.

Kamande ameanza kupiga simu upya, nyumba zote mia moja na kumi na mbili. Ameanza na yake. Ananiambia bado watu wanamjibu vilevile, hata baada ya msiba huu, hata wale walioziona picha za jeneza. Kwa hiyo leo sitawaomba mkae kimya dakika moja. Kimya tumekaa cha kutosha.

Mwaka jana mama Gloriose alinipigia simu mimi pia. Nilimwambia naendelea vizuri, na nikamwombea baraka. Wasikilizaji wapendwa, mimi Chepkoech, mnayenisikia kila Jumapili na sauti yangu ya kucheka, sina kazi ya kulipwa tangu Machi ya mwaka jana. Nalala sebuleni kwa watu. Jana sikula mpaka jioni. Nimesema. Simu ya studio iko wazi sasa hivi, na mimi ndiye nitakayepokea. Nani mwingine?