Baiskeli Yangu Haiendi kwenye Chuma Chakavu

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, pale barabara inapoanza kupanda mlima. Asubuhi hiyo kahawa ilipoa vikombeni, kwa sababu kila mtu alikuwa ameinamia baiskeli yangu, imepinduliwa magurudumu juu kama mende aliyepuliziwa dawa. Juzi nilimkwepa mtu wa mkokoteni, nikaingia nayo mtaroni. Mimi nilitoka na mchubuko wa goti. Baiskeli ilitoka na wazimu. Ukiitia gia nyepesi, ile ya kupandia mlima, cheni inaruka meno yote na kutumbukia kwenye spoki. Bila gia hiyo sifiki bustanini kwangu huko juu. Na mwanangu wa kwanza ameshatoa hukumu: akija saa sita akakuta haijapona, anaipeleka kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Eti mama wa miaka sabini na moja atapelekwa bustanini kwa gari, siku yeye akipata nafasi. Mchicha haungoji nafasi ya mtu.

— Ni waya tu huo, alisema Injinia, tunayemwita hivyo kwa kuwa alilinda geti la kiwanda miaka ishirini. — Umelegea kwa mshtuko. Nakaza.

— Umeshakaza mara nne, nikasema. Ukikaza ya tano utapiga gitaa.

Profesa, karani mstaafu wa posta, akavua miwani.

— Cheni imerefuka. Chuma kikishtuka kinarefuka.

— Nani kakwambia?

— Elimu ni bahari, dada.

— Wewe hujalowa hata unyayo.

Kinyozi akatoka na kitana mkononi; mteja kamwacha ndani, nusu kichwa.

— Mnahangaika bure. Baiskeli ilizoea uzito wa bibi. Tangu aanguke kapungua, haimtambui.

— Nimepungua wapi?

— Nyama ya goti.

— Si ajabu, Injinia akadakia. — Iliangukia kulia, sasa inakimbilia kushoto. Hata punda hufanya hivyo.

— Mwachie mwanao, dada, akasema Profesa. — Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mkuu gani? Huyo nimemwosha matako kwa mikono hii. Na guu hili hapa, zima. Shika tairi!

Saa tano na nusu akaja fundi mwashi, saruji imemkaukia viatuni, akaomba kahawa. Akachuchumaa nyuma ya gurudumu, akafumba jicho moja kama anayekagua ukuta.

— Samahani, wazee. Hicho kimkono cha nyuma, kinachosogeza cheni, kinatakiwa kiwe wima au kiinamie spoki?

Kwa saa mbili nzima tulikuwa tumezungusha skrubu tukitazama ubavuni. Hakuna aliyekwenda nyuma.

— Isimamisheni, nikasema.

Mwashi akatoa timazi mfukoni, uzi wenye kipande cha chuma mwishoni, akaiteremsha kando ya gurudumu. Gurudumu na uzi vilikubaliana. Kimkono kilikuwa kimeingia ndani upana wa kidole.

— Kigongwe nyundo! akasema Injinia.

— Gonga kichwa chako, nikamwambia. Lete spana malaya, ile ya mdomo unaopanuka.

— Samaki mkunje angali mbichi, bibi, Kinyozi akanionya. — Chuma hicho ni cha zamani, kitakatika.

— Kikikatika, kikatikie mkononi mwangu.

Nikabana pale kimkono kinaposhikana na fremu, nikavuta kuja kwangu, polepole. Chuma kikalia. Profesa akafumba macho. Nikavuta tena.

— Hapo hapo, mama, akasema mwashi.

Nikaulegeza waya mara zote nne za Injinia. Kinyozi akainua baiskeli kwa tandiko, nikazungusha pedali na kubadilisha gia. Cheni ikapanda jino kwa jino, ikafika kwenye sahani kubwa ya ndani, ile ya kupandia mlima, ikatulia. Nikarudia mara tatu. Ikatulia mara tatu.

Gari la mwanangu likasimama. Akashuka, funguo mkononi.

— Mama, bado na hilo dude?

— Limepona.

— Na ukianguka tena?

Wazee wote wakatazama vikombe vyao.

— Nitainuka. Wewe ulipojifunza kutembea ulianguka kutwa nzima. Nilikukata miguu?

Nikapanda, nikaweka mguu kwenye pedali.

— Sogea basi, umeziba njia.

Akasogea.