Modesta, Mama Udongo

Wasikilizaji wapendwa, shikamooni wakubwa. Wadogo, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Leo tunamkumbuka Modesta, mkulima wa karoti wa milimani Uluguru. Ulipomwomba apunguze bei, alikujibu, "Panda mlima ukang'oe mwenyewe. Nitakupa bure."

Masika yaliyopita jembe lilimkata mguu. Kidonda kikafunga vizuri. Homa ikabaki, inakuja, inaondoka. Hospitali moja mjini wakampima damu, wakakuta kijidudu cha udongo. Daktari akasema, "Mama, hiki ni nadra kumdhuru mtu. Huenda kimetoka kwenye ngozi tu, tulipochoma sindano. Rudi tupime tena, tuwe na uhakika."

Rudi tupime tena. Shikeni hapo, wasikilizaji.

Modesta akapitia sokoni kwa Abeid, mnunuzi wake, tena mtani wake wa kabila.

"Abeid, wamenikuta na udongo!"

"Mluguru kukutwa na udongo, hiyo nayo habari? Wangekukuta na akili, ningeshtuka."

Soko likaangua kicheko. Tangu hapo akawa Mama Udongo. Na hospitali hakurudi.

Mumewe, Yakobo, anatuambia: "Nikisema twende, ananijibu, 'Baba Faraja, wakanioshe?' Nacheka. Nikishacheka, nimeshindwa."

Homa ikarudi kwa kishindo. Wakamshusha mjini, wakampima tena. Kijidudu kilekile, na sasa kimeingia mfupani. Daktari akaeleza kwamba hujivika ganda gumu, kikalala kama mbegu kavu, kikingoja. Ni nadra kumdhuru mtu. Nadra, wapendwa, si kamwe. Dawa alipewa. Zilikuwa zimechelewa.

Mazishini, mnajua desturi: mtani ndiye wa kuwachekesha wafiwa. Abeid akafika anahema, hajawahi kuupanda mlima ule. Akachota udongo kiganjani. Watu wakangoja. Mzaha wenyewe kila mtu aliujua.

"Sema, mtani," Yakobo akamwambia. "Yeye angesema."

Abeid akatazama shambani, karoti za Modesta bado zi ardhini.

"Mlima nimepanda, Modesta," akasema. "Sizitaki bure. Inuka unitajie bei."

Hakuna aliyecheka.

Pole, Yakobo. Pole, Faraja, kwa kumpoteza mama. Nawe Abeid, pole. Sisi tuliobaki, tukiambiwa turudi kupimwa, turudi. Utani utatungoja sokoni.