Vidonge Nilivyoviacha kwa Sababu ya Ushuhuda

Wapendwa wa kanisa la Mugutha, Bwana apewe sifa! Mwaka jana nilisimama hapa hapa nikawaambia nimeponywa presha. Mlipiga makofi, mkanikumbatia. Leo nimekuja kurekebisha ule ushuhuda.

Ndugu zangu, nilipima presha baada ya maombi, ikawa sawa. Sikufikiria kwamba ni dawa nilizokuwa nikimeza kila siku zilizokuwa zinaishikilia! Nikashuhudia. Sasa ukishashuhudia, vidonge utavimeza mbele ya nani? Nikavifunga kwa kitambaa, nikavificha chini ya godoro. Niliwapenda, sikutaka furaha yenu iishe.

Miezi ikapita. Nikitembea kwenda sokoni Ruiru, mguu wa kushoto unabana mpaka nasimama, najifanya nachagua mitumba. Kikatokea kidonda kwenye kidole gumba cha mguu huo, kikakataa kupona.

Mume wangu, Baba Njeri, mnamjua, huongea kama mtu anayenunua maneno. Jioni moja aliniosha miguu, akashika mmoja, akashika mwingine.

"Mama Njeri, huu mguu ni baridi. Dawa uliacha lini?"

Nikalia. Nikamwambia naogopa kanisa litasemaje, na jina la Mungu litaaibika.

"Mungu hana aibu," akasema. "Aibu ni yako."

Huku ananipangusa kidole polepole. Nampenda huyu mzee, jamani!

Kesho yake tukaenda hospitali Thika. Daktari akatueleza kwamba mishipa ya damu ina utando laini kwa ndani. Presha iliuumiza, mishipa ikawa myembamba, damu ikawa haifiki vizuri mguuni. Akasema si dawa zote za presha ziko sawa, lakini yangu ilikuwa pia inausaidia ule utando, mishipa ilegee, damu ipite. Na mimi nilikuwa naulalia huo msaada! Tungechelewa zaidi, akasema, mguu ungekatwa.

Nikarudia dawa, nikawa natembea kidogo kila siku kama alivyoniagiza. Ilichukua muda, nikachoka, nikanung'unika. Lakini kidonda kimefunga. Mungu ni mwema!

Namshukuru Yesu, namshukuru daktari, namshukuru Baba Njeri. Na wewe dada uliyeshuhudia kisha ukaficha vidonge, sitakutaja. Mtumaini Mungu, na umeze dawa. Niite tu baada ya ibada. Kesho asubuhi nitakupitia twende kliniki, na tutaenda kwa miguu.