Apolonia Mbuke na Mkasi wa Lavenda

Ndugu waombolezaji, mimi ni Ngassa, mdogo wa marehemu. Alinibeba mgongoni nikiwa mtoto, akanikaripia miaka yote iliyofuata. Shemeji yangu Bujiku, mume wake, ndiye aliyeniomba nisome haya, na amenionya nisifiche kitu, hata la kwake.

Marehemu Apolonia Mbuke alizaliwa Nindo, Shinyanga, mwaka 1890, wakati wa kuvuna mtama. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Jilala na Mama Mageni.

Mwaka 1902 alipelekwa misheni kusoma, na Pasaka ya 1904 akabatizwa. Herufi alizishika upesi, lakini kushona kulimshinda kabisa. Sista mmoja mzee akamwondoa kwenye sindano, akampeleka bustanini na kumkabidhi mkasi na mmea wa kwao Ulaya uitwao lavenda, wenye majani membamba ya kijivu na maua ya zambarau yanayonukia. Alimfundisha kuvuna asubuhi umande ukikauka, maua yakiwa yamefunguka nusu. Kisha apogoe, lakini asikate kwenye mti mkavu wa chini, maana hapo hauchipui tena. Siku ya kuaga misheni alibeba vipandikizi vinne na mkasi ule.

Tarehe 12 Agosti 1909 alifunga ndoa na Bujiku wa Usanda. Walijaliwa watoto watatu, na nyuma ya nyumba, kando ya shamba la pamba, mashina kumi na moja ya lavenda.

Sasa nafika kwenye lile la shemeji. Mnajua amri ya pamba: ukishavuna, ng'oa miti yote uichome, wadudu wasipate pa kulala. Na mnamjua Bujiku kwa kutii amri. Septemba 1931, bwana shamba akitarajiwa kesho yake, marehemu alikuwa Nindo akimuuguza mama yetu. Bujiku aliijua lavenda ikiwa na maua tu. Ikishapogolewa hakuwahi kuitazama, kwani ilikuwa kazi ya mkewe. Aliona vijiti vya kijivu kama vilivyokauka, akadhani ni miti ya pamba, akaving'oa vyote kumi na moja, akavitupa motoni pamoja na pamba. Harufu ikajaa kijiji kizima. Majirani wakaja kuuliza kunapikwa nini.

"Sijui," akasema, "ila pamba ya mwaka huu inanukia!"

Marehemu aliporudi aliuliza, "Baba Theonest, lavenda yangu iko wapi?" Bujiku akaonyesha majivu. Dada yangu alilia siku mbili. Siku ya tatu jirani akamsimulia ile ya pamba inayonukia, naye dada akacheka mpaka akakaa chini. Lilikuwa limesalia shina moja, kwenye debe bovu nyuma ya jiko, na kutoka hilo alipata mashina sita. Lakini Bujiku alipigwa marufuku kugusa mkasi. Hata kucha alikata kwa kisu.

Mafungu ya lavenda marehemu aliyaning'iniza kichwa chini jikoni hadi yakauke. Mwaka 1936 mwanawe Theonest alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu Geita, naye akampelekea mafungu ya kuweka chini ya mkeka. Theonest akaandika: "Mama, leta mengine. Wenzangu wanasema hema letu linanukia Jumapili."

Machi mwaka huu alianza kuugua kifua. Mei binti yake Scolastika alikuja kumvunia maua, akarudi kwa mumewe Kahama. Kupogoa kukabaki, na mkono wa marehemu haukuweza tena. Jumamosi tarehe 4 Juni aliomba atolewe nje, akamwita Bujiku, akampa mkasi.

"Acha vidole viwili vya majani. Chini ya hapo usithubutu."

"Na nikikosea, Mama Theonest?"

"Utakuwa umekosea mara ya pili. Ya kwanza hatukuachana."

Mashina sita yalimchukua asubuhi nzima, huku marehemu akipaza sauti kutoka kwenye mkeka: "Juu! Juu kidogo!" Nilikuwepo, na sijapata kuwaona wakifurahi vile. Tangu hapo kila asubuhi alimuuliza, "Imechipua?" Na Bujiku, asiyejua kudanganya, alijibu, "Bado."

Alifariki Jumapili tarehe 19 Juni 1938, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Hata siku hiyo aliuliza, na jibu lilikuwa lile lile.

Ameacha mume, watoto watatu, Theonest, Scolastika na Paskazia, wajukuu saba, na mimi, ambaye sasa sina wa kunikaripia.

Leo alfajiri, tukijiandaa kuchimba kaburi, Bujiku alinijia mbio, akanivuta hadi bustanini. Mashina matano yana vichipukizi vya kijani. La sita anasema linacho pia. Mimi sikukiona, lakini sikubishana naye. Nilimwambia asome mwenyewe, akashindwa. Amenituma nimalize kwa maneno yake:

Mama Theonest, imechipua. Pumzika sasa.