Mzee Kimya Anastaafu, Cherehani Imenyamaza

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kuinama ndani ya boneti za watu, msimamizi wa gereji yetu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Sote tunamwita Mzee Kimya. Si kwamba ni mkimya, la hasha. Akianza kusimulia alivyonyanyua gia boksi peke yake, chai inapoa na nyingine inachemshwa. Jina alilipata kwa sababu hakuna injini iliyoingia hapa ikipiga kelele ikatoka bado inapiga. Wenzangu wamenichagua mimi niandike, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri na kwa kuwa wengine wote walikataa.

Aliajiriwa kuosha magari. Akapanda hadi matairi, akapanda hadi injini, na huko akakutana na tapeti za oili. Kwa wasomaji wetu wa ofisini, ambao gari wanalijua kwa rangi, tapeti ni vikombe vidogo vya chuma vinavyosukuma valvu. Vikijaa oili vinaziba nafasi, chuma hakigongi chuma. Vikiingiwa na uchafu au hewa, vinagonga ka-ka-ka mpaka dereva aanze kusali.

Mafundi wengine wakisikia mlio huo hukimbilia spana. Mzee Kimya hukimbilia kiti. Gari lazima lilale gerejini liwashwe asubuhi likiwa baridi, na hapo ni marufuku kuongea, kufungua redio, hata kupenga kamasi. Anagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, anasogea taratibu kama daktari. Mlio ukipotea injini ikipata moto, anaanza na oili. Usipopotea, anapima presha ya oili kabla ya kumtuhumu yeyote. Mara nyingi oili safi, filta mpya na subira vilitosha. Katika hilo mwanafunzi wake bora ni mimi. Hajawahi kusema hivyo, ila hajawahi kukataa pia.

Lakini mganga hajigangi. Gari lake mwenyewe lilikuwa likigonga kila asubuhi tangu kabla sijaajiriwa. Tuliliita Cherehani. Tukimtania, alijibu kwamba huyo ni mzee mwenzake, aachwe akohoe. Nasi hatukusisitiza, kwa sababu Cherehani ilisikika tangu kwenye kona ya mtaa, na kabla haijafika getini vikombe vilikuwa vimefichwa na kila mtu ameshika spana, wengine spana isiyohusika.

Miezi ya karibuni mambo yakaharibika. Cherehani ikaacha kukohoa asubuhi tu, ikawa inashona kutwa nzima, injini ikiwa moto vilevile. Mkewe, ambaye kwetu ni mama, akatangaza kwamba aliolewa na fundi magari, si fundi nguo, na kwamba siku ya kuhamia nyumba yao ya uzeeni yeye atapanda basi, mzee afuate na mlio wake. Tukacheka. Kisha tukasikia tiketi imeshakatwa, ya mtu mmoja. Hapo tukaacha kucheka. Aliyenyamazisha magari ya wote aanze kustaafu peke yake barabarani, kiti cha pembeni kitupu? Naye, kwa ukaidi wake, hakutaka tuiguse Cherehani.

Alipochukuliwa kwenda makao makuu kupewa cheti, akaacha ufunguo. Tukaivamia. Fundi umeme akataka injini ifunguliwe palepale, na mtunza stoo akamwunga mkono. Mwandishi wa makala hii akawanyamazisha wote wawili, akashika bisibisi, akasikiliza. Zilikuwa zinagonga tapeti zote, si moja. Nikachomoa stiki ya kupimia: oili ilikuwa imepita alama kwa mbali na ina povu kama maji ya kufulia. Maskini tapeti zilikuwa zinameza hewa.

Tukaulizana. Mlinzi wa geti akakohoa, akasema kila Cherehani ikizidi kugonga aliiongezea oili kidogo, kwa huruma. Mtunza stoo akasema naye pia, kidogo. Dereva wa lori, kidogo. Tukampigia mama simu, akakiri kwa sauti ya chini kwamba hata yeye nyumbani, kidogo tu, maana mumewe humwambia kila siku kwamba tapeti ikilia ina kiu. Basi kadiri ilivyogonga ndivyo ilivyonyweshwa, kila mtu kwa siri yake, na mapenzi yetu yakawa yanaizamisha. Mimi sikuwemo, na nina mashahidi.

Tukaimwaga yote. Tukaweka filta mpya na oili mpya mpaka kwenye alama, basi. Nikawasha, nikakanyaga mafuta taratibu ili hewa itoke. Ikagonga. Ikaendelea kugonga. Mtunza stoo akaanza kunitazama vile watu wanavyomtazama mwenye domo. Kisha mlio mmoja ukapungua, ukafuata mwingine, na tukasikia kitu ambacho hatukuwahi kukisikia kwenye gari lile: feni. Fundi umeme akaketi juu ya tairi akashusha pumzi ndefu, utadhani ni mke wake yeye aliyekata tiketi.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa tunakunywa chai kwa raha zetu, redio juu, miguu juu ya boksi, tukashtukia Mzee Kimya amesimama nyuma yetu. Hakugomba. Alijimiminia chai, akaketi, akasema ile tapeti moja ya asubuhi angeweza kuinyamazisha zamani sana. Ila msimamizi akiwakuta watu wamekaa inabidi awaadhibu, naye hakupenda kuadhibu watoto wa watu. Akaiacha igonge, tuwe tunamsikia anakuja.

Tukashusha miguu, fundi umeme akazima redio.

Mama ameirudisha tiketi. Mzee Kimya, asante kwa masikio yako, na asante zaidi kwa macho uliyoyafumba. Nendeni salama wawili nyie, mkiongea njia nzima bila kupaziana sauti, na siku zenu ziwe tulivu kama injini iliyoshiba mpaka kwenye alama.

Msimamizi mpya anaanza wiki ijayo. Tumeshalisikiliza gari lake: halina mlio hata kidogo. Mtuombee.