Benchi Chini ya Taa

Jumanne, saa kumi na mbili na robo jioni, Mama Birika alizungusha karatasi ya matokeo ya binti yake pamoja na vikombe vya kahawa. Muhula uliopita binti alikuwa wa kwanza katika kidato kizima. Sasa wa mia na kumi na mbili. Chini, kwa wino mwekundu: asipofaulu jaribio la mwezi ujao, anatolewa darasa la sayansi. Mama aliwakodolea macho wateja wake watatu, bega kwa bega kwenye benchi lake, chini ya taa pekee ya uchochoro. Lazima mmoja wao angejua sababu.

— Kijicho hicho, alisema Dobi. Mtaa mzima tumemsifu mpaka kachuja.

— Kijicho wapi! alidakia Kinyozi. Darasani wako themanini na sita, dawati moja watu wanne. Akili zinahamia kwa jirani kama chawa.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alitamka Hakimu, karani mstaafu asiyeacha jambo bila hukumu. Huyu kainama mno. Damu imemganda kichwani.

— Ehe! Na ile mashine ya kusahihisha mitihani hunusa karatasi, bwana, alisema Dobi. Ikisikia harufu ya mitaro yetu, inakata maksi!

— Mama, tuongezee, alisema Kinyozi. Jambo zito hili.

Akamimina. Kahawa ikafurika, ikamuunguza kidole.

Mshonaji, aliyehamia mtaani juzi, alikuwa amesimama akisubiri kikombe.

— Samahani, wazee wangu. Huyo mtoto husomea wapi?

— Si kwao, wapi tena! alijibu Dobi.

— Kwetu tuko sita chumba kimoja, na umeme hatuna, alisema Mama polepole. Husomea hapa. Kwenye taa.

— Saa ngapi? aliuliza Mshonaji.

Mama alilitazama benchi. Aliliweka mwenyewe mwanzoni mwa muhula, alipoanza kuuza kahawa jioni ili binti asikose vitabu. Na binti yule pale ukutani, daftari kifuani. Alikwisha kuwaamkia wazee. Sasa alingoja wainuke, kama alivyongoja kila jioni.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alinong'ona Hakimu, bila kuinuka.

Asubuhi yake Mama Birika aliazima msumeno kwa seremala, akalikata benchi. Alibakiza mahali pa mtu mmoja na daftari lake.