Benchi la Gervais Laingia Kwenye Sayansi

Wewe unayejaza fomu kila siku, hebu jibu: nani alikwambia maharage yanasubiri kibali cha profesa ndipo yaugue? Swali hilo lilimkaa Déo kichwani mwaka ule wa 2014, pale kwenye benchi la Gervais, muuza kahawa wa Juru, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Shahada yake ya kilimo, aliyokuja nayo kutoka Bukavu, Kongo, ilikuwa haijampa kazi hata ya siku moja. Kilichobaki ni jina la kijiweni, Lisansi, yaani shahada kwa Kifaransa. Msimu mzima Mama Georgette, mkulima wa hapo Juru, alikuwa akifunga vipande vya kitenge kwenye mashina ya maharage yaliyougua, kila wiki rangi yake, kisha anahesabu. Vitenge vikasema wazi: ugonjwa unawafuata wapalizi wanaoingia shambani umande haujakauka. Déo akazituma hesabu hizo kwa simu kwenye mradi wa sayansi huria, ule unaojigamba kwamba dunia nzima inakaribishwa. Mara tatu zikakataliwa. Kisanduku cha “Taasisi” kwenye fomu kilikuwa kitupu.

— Ule mtafiti wa Mbarara anasema nimupe karatasi ya hesabu, atatia jina yake, — alisema Georgette. — Vitenge vyangu, jina yake?

— Nyabo, mama yangu, usimpe! — Jovan, mwanajeshi mstaafu, alijipiga goti. — Hiyo kompyuta iko kama geti ya kambi. Bila kitambulisho inakufukuza, hata kama ndani kunaungua na wewe ndiyo umebeba maji.

— Mais non, si hivyo, Afande. Inaogopa, — Gervais alisema akimimina. — Ikikubali mama wa Juru anajua, maprofesa batakula nini?

— Mimi nasema iko na pua! Inasikia harufu ya mbolea kwa simu, inafunga! — Jovan akang'ang'ania.

Benchi likacheka. Georgette hakucheka.

— Nilikata hata kitenge ya kanisa. Nikimupa ule mutu, batoto yangu batasema mama yao alikuwa anapamba shamba tu.

Déo aliyajua maumivu hayo. Barua zake sabini za kazi zilijibiwa kwa swali moja: umetumwa na nani? Akachomoa simu, akaifungua tena ile fomu. Kwenye kisanduku akaandika: Benchi la Gervais, Juru. Akabonyeza.

Duara la kusubiri likazunguka kwenye simu, likazunguka. Jovan akavua kofia.

— Imekubali! Mama, tazama! — Déo akamwelekezea Georgette simu.

Kwenye orodha ya wachangiaji, katikati ya profesa wa Uholanzi na daktari wa Brazili, alikaa Georgette Mwamini, jina lote, bila kubebwa na mtu. Akapiga vigelegele hadi wapita njia wakashuka kwenye baiskeli.

— Voilà! Mimi ndiyo mkurugenzi wa hii Benchi, — Gervais akatangaza. — Kahawa ya leo ni ya taasisi!

— Na mimi ulinzi! — Jovan akapiga saluti.

Mmoja wa walioshuka, Mukandoli, mkulima wa kijiji kingine, jembe begani, akasogea.

— Mihogo yangu pia naiandika, kila Jumapili. Lakini kule kwetu hatuna benchi. Niweke nini?

Gervais akainamisha birika. Halikutoa hata tone. Jovan akasogea kumpisha kwenye benchi; Mukandoli akatikisa kichwa, akabaki wima.

Déo akaanza kuandika, akisoma kwa sauti ili benchi lote lisikie:

— Ninyi wenye mradi! Mama Georgette ameingia, na hatoki. Sasa futeni hicho kisanduku. Ulizeni mtu ameona nini, wapi, siku gani, basi. Na mfute leo, maana Mukandoli amesimama hapa na jembe lake, na amekataa kukaa.